Gamba la pima moja chini ya mwembe: jibu kwa mama wa Ganda

Swali: Asalaam aleikum mtaalamu. Mimi ni mama wa watoto watatu, nakaa Ganda, Malindi. Nyuma ya nyumba tuna mwembe mkubwa wa ngowe, aliupanda marehemu babu yake mume wangu, na matawi yake mengine yamelala juu ya makuti ya nyumba. Wiki iliyopita jirani alinitumia picha kwenye simu: nyoka wa kijani kibichi amejiviringa juu ya tawi, na maandishi yanasema amekamatwa Malindi, na kwamba akikuuma hufiki mlangoni. Siku ya tatu kijana wangu mkubwa akaokota gamba la nyoka chini ya mwembe wetu. Tulilipima, pima moja na shibiri, laini kama karatasi ya nailoni. Nimekutumia picha zote mbili, ya jirani na ya gamba. Mume wangu ameshaongea na mtu wa msumeno aje aukate mti. Mama mkwe anasema tuzungushie mafuta ya taa na kitunguu saumu, tena tuwe na jiwe la nyoka ndani. Je, huyo wa kwenye picha ndiye aliye kwetu? Mti tuukate?

Jibu: Waaleikum salaam, dada yangu. Kwanza mwambie baba watoto amsimamishe mtu wa msumeno kwa siku mbili tatu. Mwembe wa ngowe uliopandwa na babu ukishalala chini haurudi, na nitakueleza kwa nini kuukata hakutakuondolea nyoka. Na hilo gamba usilitupe. Limenieleza mengi kuliko picha ya jirani.

Nianze na hiyo picha, maana ndiyo iliyowanyima usingizi. Nyoka yule haishi Malindi wala msitu wowote wa Afrika. Ni chatu wa mitini. Kwao ni kisiwa cha New Guinea, visiwa vya Indonesia vilivyo jirani nacho, na Cape York, ile ncha ya kaskazini ya Australia. Huko anaishi kwenye misitu ya mvua isiyopukutisha majani. Mtazame alivyokaa: amejikunja mikunjo iliyolaliana juu ya tawi, kichwa amekilaza katikati, kama kata ya kichwani mtu anapokwenda kuteka maji. Hicho ndicho kikao chake mchana kutwa. Usiku hushusha kichwa kuelekea chini akangoja, na wadogo wao huichezesha ncha ya mkia kama mnyoo ili mjusi asogee. Kwenye midomo ana vishimo vinavyohisi joto, kwa hiyo panya mwenye damu ya moto anamjua hata gizani. Sumu hana hata tone. Anashika kwa meno na kuminya, kama chatu wetu wa mtoni. Urefu wake kwa kawaida ni mita 1.5 hivi.

Nakueleza haya kwa sababu picha hiyo haitakuwa ya mwisho. Watoto wa chatu huyo huzaliwa wa manjano au wekundu kama matofali, na hubadilika kuwa kijani wanapokaribia mwaka. Kesho utaletewa picha ya nyoka wa manjano uambiwe ni jini wa Gede, naye ni mtoto wa yuleyule. Halafu yuko mwingine, ambaye mimi humtazama picha zake bila kuchoka: nyoka wa misitu ya kaskazini mwa Amerika Kusini, wa kijani vilevile, mwenye alama nyeupe mgongoni, anayekaa juu ya tawi kwa kata ileile, na vishimo vya joto midomoni, na watoto wekundu vilevile. Hawa wawili si ndugu wa karibu. Mmoja anataga mayai na kuyakumbatia mpaka yaanguliwe, mwingine anazaa watoto hai. Bahari nzima imewatenga, na kila mmoja kwa njia yake amefikia umbo moja, kwa sababu kazi ni moja: kukaa kimya juu ya tawi lenye majani mabichi mpaka riziki ipite. Ni viumbe wazuri sana. Lakini hawakuhusu wewe na watoto wako.

Sasa tuje Ganda.

Pima moja na shibiri ni kama mita 2. Lakini gamba humzidi mwenyewe. Nyoka anapojivua huanzia midomoni, anajisugua kwenye gome mpaka ngozi ifunguke, kisha anatoka nayo ikipinduka ndani nje kama soksi, na inavyopinduka inavutika. Huweza kumzidi kwa sehemu ya tano, hata zaidi. Kwa hiyo mwenye gamba lako ana urefu wa mita 1.6 au 1.8. Hapo tayari nimewatoa wengi. Nimemtoa ukukwi, yule nyoka mwembamba wa kijani mwenye vidoadoa vyeusi shingoni, anayepanda kuta kufuata mijusi kafiri. Yeye ni nadra kupita mita 1.2 na hana madhara kabisa kwa mtu. Inaniuma kusema kwamba huyo ndiye anayeuawa zaidi, kila siku, kwa kosa la rangi.

Wanabaki wawili wakubwa wa kijani wa mitini hapa pwani, na wote wawili ni wa kuogopwa.

Wa kwanza ni yule ambaye Makaburu wa Afrika Kusini walimwita boomslang, maana yake nyoka wa mti, tu. Meno yake ya sumu yako nyuma ya kinywa, na magamba ya mgongo wake yana mstari ulioinuka katikati ya kila gamba, kama uti wa jani. Wa pili ni hongo. Huyu meno yake ya sumu yako mbele, yamesimama imara, na magamba yake ni laini, hayana mstari wowote.

Kwenye picha yako naona magamba laini. Lakini picha ya simu inadanganya, kwa hiyo fanya hivi: lowesha gamba kwenye beseni dakika kumi, lilaze juu ya kitambaa cheusi, buibui kuukuu likifaa, ulitoe juani. Pitisha kidole katikati ya mgongo. Ukihisi vijimstari, au ukiviona juani, nijulishe upesi. Kama ni laini moja kwa moja, yaelekea ni hongo. Unaweza pia kuhesabu safu za magamba katikati ya mwili, kutoka ukingo wa tumbo upande mmoja kuzunguka mgongo hadi ukingo wa pili, ukipanda kwa mshazari: ukukwi ana safu 15, hongo mara nyingi 19. Na kama kichwa cha gamba kipo, tafuta jicho. Nyoka hana kope. Jicho lake limefunikwa na gamba angavu kama kioo, na kioo hicho hutoka pamoja na ngozi. Cha boomslang ni kikubwa ajabu kwa kichwa chake kifupi. Cha hongo ni cha wastani, kwenye kichwa kirefu na chembamba. Hata jina lake la kisayansi, Dendroaspis angusticeps, alilopewa na Andrew Smith mwaka 1849, linasema hivyohivyo: nyoka wa mitini mwenye kichwa chembamba.

Nikitazama urefu, ulaini na mti wenyewe, naamini mgeni wako ni hongo. Wanaosoma vitabu vya kigeni humwita mamba wa kijani. Jina hilo limetoka kwa Wazulu, na kwetu linaleta matata, maana mamba ni yule wa mto Sabaki. Niliwahi kupigiwa simu na mzee akiuliza mamba amepandaje mnazi. Na hata hilo jina hongo kuna vijiji hupewa nyoka mwingine, kwa hiyo mtu akikutajia jina, mwombe akueleze alivyoona.

Hongo anapatikana pwani yetu hii, akashuka Tanzania, Msumbiji, sehemu za Malawi na mashariki ya Zimbabwe, mpaka pwani ya Afrika Kusini. Ni nyoka wa msitu wa pwani. Anataka mti wenye majani mazito mwaka mzima, matawi yaliyoshikana, kivuli. Zamani pwani yote ilikuwa hivyo. Leo kimebaki kipande cha Arabuko-Sokoke, kilomita za mraba 420 hivi, na vipande vya makaya ya Wamijikenda, ambayo wazee waliyalinda kwa miiko mpaka yakaingizwa kwenye urithi wa dunia mwaka 2008. Kwingine kote tumekata na kupanda. Ila tulichopanda ni nini? Maembe, korosho, minazi. Tazama mwembe wako kwa jicho la hongo: haupukutishi majani, ni mzito kama chumba, kaskazi ikija unajaa maembe, maembe yanaleta ndege mchana na popo usiku. Kwake huo ni msitu. Hajavamia nyumba yako. Msitu wake umekuwa mwembe wako.

Na yeye anakula hao hao: ndege, makinda, mayai, popo, panya. Watu waliomfuatilia siku kwa siku wamekuta kwamba husogea wastani wa mita 5 tu kwa siku. Tano! Kuna siku hasogei kabisa. Kwa hiyo mwenye gamba huenda amekaa juu yenu miezi mingi, watoto wakicheza chini, nanyi hamna habari.

Nikupe mfano. Kuna mara niliitwa shamba la mikorosho upande wa Mambrui. Vijana walikuwa wamemwona asubuhi. Nilifika saa tatu, nikasimama chini ya mkorosho robo saa nzima nikitazama juu, sioni kitu. Nilichosikia ni shore. Shore wanne au watano walikuwa wakirukaruka kwenye tawi moja, wakipiga ile kelele ya ukali ambayo si wimbo, vichwa vyote vimeelekea mahali pamoja. Nikafuata walikotazama. Alikuwa amejinyoosha kufuata tawi, mwili umepinda pale tawi lilipopinda, shingo imeinuka kidogo na kusimama hewani kama kikonyo kilichokatwa. Majani yalitikiswa na upepo, naye akatikisika nayo, mbele nyuma, taratibu. Ulimi ulitoka mara moja, ukakaa nje, ukarudi. Chini ya koo rangi inafifia kuwa kama ndimu inayoanza kuiva. Mkulima aliniambia kijana wake alikuwa ameshapita chini ya tawi hilo mara tatu tangu alfajiri, akiokota korosho. Umbali wa mkono mmoja juu ya kichwa chake. Nilimwacha nyoka nikaenda kuswali adhuhuri, nikarudi, nikamkuta palepale, shore wamechoka wameondoka. Alasiri ndipo alipojivuta juu zaidi, akajikunja kwenye majani kulala. Hongo ni nyoka wa mchana, usiku hulala.

Unaona tofauti na yule wa picha? Hongo hakai kama kata. Hujinyoosha, au hujikunja ovyo kwenye majani. Na akikusikia, desturi yake ni kupanda juu na kupotea. Ndiyo maana, ukilinganisha na idadi yake pwani hii, watu wanaoumwa naye ni wachache. Anayeumwa mara nyingi ni aliyemshika bila kujua: mkwezi anayeingiza mkono kwenye kilele cha mnazi, mgema anayefika kwenye kibuyu chake, mtoto anayerukia tawi la mwembe. Wengi zaidi huumwa ardhini na bafe, ambaye wengine humwita kifutu, jioni, mtu akitembea bila taa. Watoto wako wapewe tochi na viatu kabla ya kitu kingine chochote.

Sasa msumeno. Ukikata mwembe, hongo atafanya nini? Atatafuta majani mengine. Karibu kuliko yote ni makuti ya nyumba yako, ambamo mna mijusi, panya na vivuli. Nimeona hilo, dada. Mti umeangushwa asubuhi, jioni mwenye nyumba anapiga simu nyoka yuko juu ya kitanda. Tena mti mkubwa unapoanguka na nyoka ndani yake, anayekimbilia matawi kuyakatakata ndiye yuko hatarini kuliko wote.

Unachotakiwa kufanya ni kuutenga mti na nyumba. Matawi yaliyolala juu ya makuti yakatwe, yabaki mita 2 au 3 baina ya majani na paa, pande zote. Hongo hapendi kushuka kutambaa uwanjani. Njia yake ni ya juu kwa juu, tawi kwa tawi; ukiikata hiyo njia umeshamfungia mlango. Mkataji asipande mpaka awe amekaa chini akitazama juu nusu saa, asubuhi jua likishapanda, na awe mtu wa makini. Makuti makavu na magogo yaliyorundikwa kando ya ukuta yaondoeni, kwa sababu ya panya, na kama mnaweka korosho au mahindi ndani, tieni kwenye pipa lenye mfuniko.

Wakati wa kuangua maembe, tumieni kingoe kirefu kutoka chini, mtu asiparamie. Kabla ya kuvuta, gonga tawi kwa kingoe hicho mara kadhaa, ngoja kidogo, tazama. Wafundishe watoto kusikiliza shore. Shore wakigombana mahali pamoja kwa dakika nyingi, hapo hapasogelewi. Watoto hujifunza hili haraka kuliko sisi. Nina mpwa wa miaka saba anayenishinda.

Mafuta ya taa na kitunguu saumu mwambie mama, kwa heshima zote, aviweke jikoni. Havimzuii nyoka. Mafuta ya taa yataua mizizi na kuwatia watoto hatarini na moto, basi. Vilevile msisikilize wanaosema ukimuua mmoja mwenzake atakuja kulipa kisasi. Hakuna kisasi. Ila mti mzuri ukibaki wazi mwingine ataupanga, na mti mmoja umeshawahi kukutwa na hongo watano.

Kama mnaona hamuwezi kuishi naye, na kwa wenye watoto wadogo silaumu, msimuue wenyewe. Kumrushia mawe nyoka wa mita 1.8 aliye juu ya kichwa chako ni kumshusha kwako. Piga simu ofisi ya Huduma ya Wanyamapori, KWS, hapo Malindi, au Bio-Ken, shamba la nyoka la Watamu. Hao wa Watamu wamekuwa wakiokoa nyoka majumbani tangu James Ashe na mkewe Sanda walipoanzisha kituo mwaka 1980. Ashe ameshafariki, mwaka 2004, lakini jina lake limebaki kwa nyoka: swila mkubwa mwenye kutema sumu, mkubwa kuliko swila wote watemao duniani, alitambuliwa rasmi kuwa aina ya pekee mwaka 2007, na akapewa jina Naja ashei. Watu wa pwani walikuwa wakimjua siku zote. Wakubwa wa vitabu walimdhania ni swila mwingine. Watakaokuja watakuwa na fimbo ya ndoano na mfuko, na watampeleka msituni akiwa hai.

Nije kwenye kung'atwa. Hapa nakuomba usome taratibu, na baba watoto asome pia.

Maneno ya kwamba hufiki mlangoni si kweli. Yana ubaya wake, kwa sababu aliyeyaamini hukaa chini kungoja mauti badala ya kutafuta gari. Lakini sumu ya hongo ni kali, na dalili zinaweza kuanza baada ya dakika chache. Nitaeleza inavyofanya kazi, maana ukielewa utajua kwa nini dakika zina thamani. Mshipa wa fahamu ukitaka msuli ufanye kazi, unamwaga kemikali kidogo, msuli unastuka, kisha kuna kimeng'enya kinachofagia kemikali hiyo mara moja ili msuli upumzike. Sumu ya hongo ina vitu viwili vinavyovuruga hapo. Kimoja kinaufanya mshipa umwage kemikali kupita kiasi, na kingine kinamfunga mikono yule mfagizi. Msuli unaamriwa kazi mfululizo bila kupumzika. Ndiyo maana aliyeumwa utaona nyama inachezacheza chini ya jicho na midomoni, jasho linamtoka, mate yanamjaa, kisha kumeza kunakuwa kugumu, na mwisho misuli ya kupumua inachoka. Palipoumwa panavimba pia, lakini kinachoua ni pumzi.

Kwa hiyo: mlaze chini, asitembee hata hatua. Vua pete, bangili, viatu kabla hapajavimba. Funga kiungo kwenye ubao kama mkono uliovunjika, usitikisike. Ukiwa na bandeji ya kuvutika na una uhakika ni hongo, izungushe kiungo kizima kuanzia vidoleni, kwa mkazo wa mguu ulioteguka, kidole chako kiweze kupita chini yake. Kamba ya kukata damu, hapana. Wembe, hapana. Kunyonya, petroli, umeme wa betri ya pikipiki, hapana kabisa. Akitapika mlaze ubavu wa kushoto. Pumzi ikikatika njiani, mpulizieni mdomo kwa mdomo msiache hadi hospitali, hata ikiwa saa nzima, kwa sababu moyo mara nyingi unaendelea kupiga. Alichopoteza ni pumzi, na pumzi inaweza kuazimwa.

Nendeni moja kwa moja hospitali kubwa ya Malindi. Msipite kwa mganga. Na kama mna mtu wa kutuma mbele, apige simu kuuliza kama dawa ya sumu ya nyoka ipo. Kenya inaiagiza kutoka nje, na dawa iliyotengenezwa kwa nyoka wa India haifai kwa nyoka wetu. Kwenye karatasi ya dawa tafuteni neno Dendroaspis angusticeps. Likiwepo, dawa hiyo inamjua hongo. Mtoto hupewa kipimo kilekile cha mtu mzima, msishangae wala msikatae, kwa sababu sumu aliyoingiziwa si ya kitoto.

Boomslang ni habari nyingine, ndiyo maana nataka uhakika wa gamba lile. Sumu yake huzuia damu kuganda, na inakuja polepole. Mwaka 1957 mtaalamu mkubwa wa nyoka, Karl Schmidt, aling'atwa kidoleni na boomslang mdogo pale Chicago, akaona ni jambo dogo, akawa anaandika dalili zake daftarini, na siku ya pili yake akafariki. Aliyeumwa na nyoka wa kijani mwenye macho makubwa asirudishwe nyumbani kwa kuwa anajisikia vizuri. Hospitalini wataweka damu yake kwenye chupa kavu safi ya kioo na kuiacha dakika 20 bila kuitikisa; ikibaki maji baada ya hapo, sumu imeingia. Dawa yake ni ya peke yake, inatoka Afrika Kusini.

Kuhusu jiwe la nyoka nitasema wazi, ingawa najua liko kwenye makabati ya nyumba nyingi za Malindi na Lamu. Ni mfupa uliochomwa. Unanata kwenye jeraha kwa sababu mfupa mkavu hunyonya unyevu, hata ulimi utaunata. Sumu ya hongo haikai pale jerahani kungoja jiwe. Lina sifa kwa sababu wengi huumwa na nyoka wasio na sumu, au wenye sumu ambao hawakuimwaga, nao wangepona hata bila jiwe. Kijana mmoja mgema, aliyeumwa kifundo cha mkono juu ya mnazi, alikaa na jiwe saa mbili kabla hajaletwa. Alipofika zahanati ya kwanza dawa hakukuwa. Alipofika hospitali kope zimeanguka na hawezi kumeza mate. Alipona, kwa mashine ya kupumulia na dawa, siku ya nne akakaa kitandani akala uji. Saa mbili zile ndizo zilizonitia uchungu, kwa sababu nyumba yao iko barabarani. Shirika la Afya Duniani liliweka kuumwa na nyoka kwenye orodha ya maradhi yaliyopuuzwa mwaka 2017, na linataka vifo vipungue kwa nusu kufikia 2030. Kwa upande wetu pwani, naona nusu hiyo imekaa kwenye hizo saa mbili. Mama mkwe aliweke jiwe kama ukumbusho wa wazee, na pembeni yake abandike namba ya mwenye tuktuk anayepokea simu usiku.

Sasa lowesha gamba. Kwenye picha uliyonitumia upande wa kichwa umejikunja ndani. Ufungue kwa ncha ya kijiti, pole pole, usilivute. Ukipata vile vioo viwili vya macho, viweke kando ya shilingi moja upige picha kwa karibu, kisha unitumie, na uniambie kidole chako kimehisi nini mgongoni. Na kesho asubuhi, jua likipanda, simama mbali na mwembe kidogo usikilize shore wako tawi gani.